Skuli ya Kimataifa Yenye Mlango Upande wa Kijiji

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu



Kamati imenitaka niseme machache juu ya elimu. Mimi si mwalimu. Nilisoma hadi sekondari hapa hapa Unguja, kisha nikaingia dukani, na dukani ndiko nilikopatia mvi hizi. Lakini mtu aliyekaa nyuma ya kaunta kwa zaidi ya miaka arubaini huyaona matunda ya skuli kila asubuhi, maana kila kijana anayekuja kuomba kazi huja na cheti mkononi, na baada ya wiki mbili mwenye duka hujua cheti kile kina nini ndani yake. Nitasema, basi, kwa niliyoyaona. Na nitasema zaidi juu ya pahala pamoja, Paje, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lilikotubishia hodi.

Paje mnaijua. Zamani kwenda Paje kulikuwa safari ya kufungiwa chakula. Kilikuwa kijiji cha wavuvi na cha kina mama waliofukia makumbi mchangani ili wapate usumba wa kusokota kamba. Na tangu mwaka 1989 kikawa, pamoja na Jambiani, miongoni mwa vijiji vya mwanzo kulima mwani kwa ajili ya biashara. Leo pana hoteli, pana nyumba za kupangisha, na mbinguni zimejaa tiara zinazowavuta vijana wa nchi za mbali juu ya maji. Baadhi ya wageni hao hawapiti tu. Wameweka makazi na wana watoto, na mtoto hawezi kukaa bila ya skuli. Ndiyo maana katika pwani ile ya mashariki yamezidi mazungumzo juu ya skuli zenye mfumo wa kimataifa. Na huku Mjini nasi tumeanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: Je, tuwapeleke watoto wetu huko? Je, mfuko wa elimu wa hekalu uchangie?

Ndugu zangu, suala hili si dogo kwetu. Jamii yetu hapa kisiwani ilikuwa kubwa, sasa ni familia za kuhesabika. Mkiangalia ni lini familia inafunga mlango na kuhama, mara nyingi mtaona si siku biashara ilipoanguka. Ni siku mtoto mkubwa alipofika umri wa kutafutiwa skuli. Mama huenda naye Dar es Salaam, au Nairobi, au Uingereza; baba hubaki na duka; kisha baba naye huchoka kula peke yake. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya skuli, tunazungumza pia juu ya nani ataiwasha taa ya hekalu hili miaka thelathini kutoka leo.

Sasa tuulize: hiyo skuli ya mfumo wa kimataifa ni kitu gani? Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiri majengo meupe, kiyoyozi, Kiingereza cha puani, na ada ya dola. Hayo ni maganda. Kiini chake ni mambo mawili. La kwanza ni kile wataalamu wanachokiita fikra tunduizi: mtoto asikariri jibu tu, bali ajue limetoka wapi, alipime, alilinganishe na jingine, na awe tayari kuliacha likidhihirika kuwa si sahihi. La pili ni kushiriki katika maisha ya jamii: anachokijifunza mtoto kirudi kwa watu wanaomzunguka.

Mpango wa masomo unaojulikana sana katika mfumo huo, ule wa Baccalaureate ya Kimataifa, ulianzishwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi wa stashahada yake hamalizi kwa kufaulu mitihani peke yake. Hutakiwa kuandika insha ya utafiti wake mwenyewe isiyozidi maneno 4,000, husoma somo linalohoji namna binaadamu anavyojua anachodai kukijua, na huwajibika kufanya shughuli za ubunifu, za viungo vya mwili, na za huduma kwa wengine. Asiyetimiza huduma hapewi stashahada, hata akiwa bingwa wa hesabu.

Nitakupeni mfano mmoja wa jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana, na kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, mtauelewa upesi. Mwaka 1962 lilifunguliwa pwani ya Wales skuli ya bweni iitwayo Atlantic College, iliyokusanya vijana wa mataifa mbalimbali. Bahari ya pale ni kali, na wanafunzi walipewa jukumu la kuokoa watu wanaopatwa na ajali majini. Boti za mpira walizokuwa nazo zilichanika chini zikiburutwa kwenye mawe. Wanafunzi na mkuu wao wa skuli, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena, hata wakapata boti yenye tumbo gumu chini na mapipa ya hewa ubavuni. Haki ya uvumbuzi ule ilikabidhiwa kwa chama cha waokoaji wa baharini cha Uingereza kwa paundi moja. Leo boti za namna hiyo zimeenea duniani kote. Angalieni mpangilio wake: jirani alikuwa na shida, mwanafunzi akaiona, akauliza, akajaribu, na matokeo yakarudi kwa jirani.

Msifikiri kwamba fikra hii ni ya Wazungu. Mzee wetu wa Gujarat, Mahatma Gandhi, ambaye meli yake ilitia nanga hapa Zanzibar mwaka 1893 akiwa kijana njiani kuelekea Afrika Kusini, aliipendekeza kwa namna yake katika mkutano wa Wardha mwaka 1937. Alitaka mtoto asome kwa lugha ya mama yake, na asome kupitia kazi ya mikono inayofanywa pale anapoishi, ili kusokota uzi kuwe pia hesabu, jiografia na historia. Mwalimu Nyerere naye mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba skuli tulizozirithi zinamtoa mtoto katika jamii yake na kumfundisha kuidharau. Akataka akili ya kudadisi ijengwe pamoja na moyo wa kushirikiana. Na katika vitabu vyetu vya kale, kijana Nachiketa alikwenda hadi mlangoni kwa Yama, mwenye mauti, akakataa mali zote alizoahidiwa ili aache kuuliza. Waswahili wamelifupisha: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hata dukani nimeliona hilo. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu kijana wa Kusini aliyeishia kidato cha pili. Siku moja, tukipakia vifaa vya ujenzi katika gari ya shamba, aliniuliza: "Mzee, kwa nini tunawauzia watu wa pwani misumari ile ile tunayowauzia watu wa Mjini, ilhali kule mabati yanang'oka baada ya misimu miwili?" Sikuwa na jibu. Akachukua chupa tatu, akazijaza maji ya bahari, akatia aina tatu za misumari, akaandika tarehe juu ya kila chupa na kuzipanga dirishani. Kila Ijumaa alizitazama na kuandika alichokiona. Baada ya miezi miwili tulijua msumari upi ni wa Paje na upi si wa Paje, na tangu hapo tukawa tunamwambia mteja ukweli kabla hajalipa. Katika miaka hiyo hiyo nimewahi kuwaajiri vijana wenye vyeti vizuri kuliko chake, waliosoma mahali pa ada kubwa, ambao ukiwapa orodha yenye kosa watakupakilia kosa lile lile mpaka bandarini. Sikuwalaumu. Walisomeshwa kujibu, hawakusomeshwa kuuliza.

Sasa turudi Paje, tushuke ufukweni wakati maji yamekupwa. Mtawaona kina mama wameinama baharini, vigingi na kamba vimepangwa mistari kama vitanda vya bustani. Mwani huvunwa kila baada ya wiki sita hivi, hukaushwa, hupelekwa ng'ambo, na kutoka ndani yake hutolewa utomvu unaotiwa katika dawa za meno, aiskrimu na madawa. Aina iliyokuwa na bei nzuri zaidi, ile inayoitwa kotoni, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi, kwa sababu maji hayo yamezidi kupata joto. Dk. Flower Msuya na wenzake, waliouanzisha mwaka 2006 ushirika wa wadau wa mwani wa Zanzibar, wamejaribu pamoja na wakulima kuupeleka mwani katika kina kirefu zaidi, kwa kamba zinazoelea na kwa nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba. Lakini kina kirefu kina masharti yake: kinataka chombo, na kinataka mtu ajue kuogelea, na mama wengi wa vijiji vile hawakufundishwa kuogelea.

Niambieni, ni darasa gani lililo bora kuliko hilo? Mna sayansi ya bahari, mna hesabu za bei, mna biashara ya dunia, na mna suala la haki: kwa nini anayeinama majini hupata sehemu ndogo kuliko anayekaa kivulini? Skuli ikiwa Paje, na watoto wake wakasoma joto la bahari kutoka katika kitabu kilichochapishwa London bila ya kutembea hatua mia mbili wakapime maji kwa kipimajoto, kisha wakamuulize mama wa mwani ameona nini katika miaka thelathini, skuli hiyo haijafika Paje. Imetua tu, kama ndege anayepumzika juu ya mlingoti.

Kuna jambo jingine ambalo watoto wetu wa Mjini wanaweza kulipeleka huko. Sisi tunahesabu siku zetu kwa mwezi: tuna Poonam, mwezi unapokuwa mpevu, na tuna Amas, unapokuwa haupo. Usiku wa Diwali ni usiku wa Amas. Wavuvi wa Paje nao wanahesabu kwa mwezi, na wanajua kwamba mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo linapokuja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na kina mama wakapata kulifikia shamba la mwani. Kwa hiyo siku zile tunapowasha taa zetu hapa na kufungua daftari jipya la hesabu, kule Paje bahari inarudi nyuma mpaka karibu na mwamba. Mtoto wa hekalu na mtoto wa chuoni wakikaa dawati moja wakaulizana kwa nini, watalipata jibu moja, kwa kuwa mwezi ni mmoja. Na jibu walilolitafuta pamoja hawatalisahau.

Nimeyasifu haya, lakini ni wajibu wangu kusema pia yanayonitia hofu. Ni mawili.

Hofu ya kwanza ni lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zianze kusomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na skuli za kimataifa husomesha karibu kila kitu kwa Kiingereza. Kiingereza ni ufunguo. Nami nisingeweza kuagiza hata kontena moja bila ya lugha hiyo. Lakini mtu hufikiri vizuri kwanza kwa lugha aliyolelewa nayo. Kiswahili cha Unguja Mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima. Na vijiji vya Kusini vina lahaja yao ya kale yenye maneno ya upepo, mwamba na samaki ambayo hayamo katika kamusi nyingi. Mtoto atakayeona haya kuyatamka mbele ya mwalimu hatauliza swali, na asiyeuliza swali hana fikra tunduizi, hata kama somo hilo limeandikwa ubaoni. Nasi Wagujarati hatuna sababu ya kukibeza Kiswahili: maneno ya pesa, laki, bima na hundi tulikuja nayo sisi, na Kiswahili kikayapokea kama watoto wake.

Hofu ya pili ni ukuta. Mababu zetu walithamini elimu. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi wa Mji huu walikuwa na skuli yao, Sir Euan Smith Madressa, iliyosomesha Kigujarati na Kiingereza. Ilikuwa skuli ya heshima, na wengi wa babu zetu waliipitia. Lakini kila jamii ilisoma upande wake: huyu na wenzake, yule na wenzake. Watoto walikua katika mji mmoja, wakapishana katika vichochoro vile vile, bila ya kukaa benchi moja. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo kwa watoto wote wa Zanzibar, na kila mwaka tunaikumbuka siku hiyo. Iwapo leo katika Paje itajengwa skuli ambayo mtoto wa mwenye hoteli anaingia kwa lango la mbele, na mtoto wa mama wa mwani anaiona kwa nje akipita na kamba begani, tutakuwa tumerejesha kwa dola kile kilichoondolewa kwa sheria. Na watoto wa ndani ya ukuta huo ndio watakaopata hasara kubwa zaidi, kwa sababu watasomeshwa juu ya jamii bila ya kuwa na jamii.

Baadhi ya wazee wenzangu wameniambia: "Bhai, mfuko wetu ni mdogo, watoto wetu wenyewe hawatoshelezwi, kwa nini tugawe?" Ni hoja ya haki, na sitaipuuza. Jibu langu ni la kidukani. Duka halikai katika mtaa uliohamwa. Tukiwasomesha watoto wetu peke yao, mbali na wenzao, tunawasomesha kuondoka. Watakuwa wameizoea dunia yote isipokuwa kisiwa hiki. Mtoto aliyesoma na mtoto wa Paje, akala kwao, akashuka nao pwani, ana watu wa kumrudisha. Ushirikiano huo ndio bima yetu, na bima haikatwi baada ya nyumba kuungua.

Kwa hiyo naiomba Kamati, na naiomba hadhira hii iniunge mkono, ipokee mapendekezo matatu.

La kwanza: kwa kila mtoto wetu atakayelipiwa na mfuko wa elimu wa hekalu katika skuli yoyote ya mfumo wa kimataifa, tumlipie na mtoto mmoja wa kijiji ilipo skuli hiyo, bila ya kuangalia dini wala kabila. Mtoto kwa mtoto. Kama fedha zinatosha watoto wanne, basi wawe wawili wetu na wawili wa majirani.

La pili: kabla ya kutoa shilingi moja, tuwaulize wenye skuli maswali manne. Kiswahili kinasomeshwa kwa saa ngapi na kwa heshima gani? Walimu wangapi ni wenyeji wa kisiwa hiki? Wanafunzi wametoka nje ya lango mara ngapi muhula huu, na wamerudisha nini kijijini? Na wazazi wa kijiji wana sauti gani katika uendeshaji? Asiyekuwa na majibu tumshukuru kwa chai yake na tuondoke.

La tatu halihitaji kusubiri skuli yoyote. Kila mwaka, wakati wa bamvua linalokaribiana na Diwali, tuwapeleke vijana wetu Paje kwa siku mbili, na tuwaalike vijana wa Paje waje kwetu kwa siku mbili. Huko wajifunze mwani na majira ya maji. Huku wazee wetu wawafundishe kuweka daftari la hesabu, ili mama wa mwani asome mwenyewe karatasi ya mnunuzi na kuijua mizani yake. Hiyo ni elimu ya kimataifa isiyo na ada.

Ndugu zangu, sisi ni watu tuliokuja na pepo za kaskazi, tukapokewa, tukazika wazee wetu na kuzaa wana wetu hapa. Hekalu hili limesimama miaka yote hii katikati ya misikiti na makanisa, na majirani ndio waliolilinda. Maadhimisho ni wakati wa kufunga hesabu za mwaka uliopita na kufungua ukurasa mpya. Naomba katika ukurasa huo, kabla ya gharama za maua na karamu, mstari wa kwanza uandikwe majina ya watoto wawili: mmoja wetu, na mmoja wa Paje.

 Mungu aibariki siku hii na awabariki majirani zetu.